Waya wa Fumba ukikatika, nani atasalisha?

Kwa Waheshimiwa mnaoshika dhamana ya umeme wa Zanzibar, wizarani, kwenye shirika na kwenye mamlaka ya udhibiti,

Assalaam alaykum.

Mimi ni fundi umeme. Sina vyeti vya kutundika ukutani. Kazi yangu kwa miaka mingi ni kufunga sola na jenereta kwenye hoteli, skuli na nyumba za watu, zaidi upande wa pwani ya mashariki. Nimeandika kwa sababu ya suala moja ambalo mteja aliniuliza mchana mmoja. Nilishindwa kumjibu kwa maneno mafupi, na kila nikisikia inatangazwa mipango ya sola kubwa za Unguja na Pemba, suala lile hunirudia.

Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa Februari, kaskazi, jua limekaa utosini. Umeme ukaondoka eneo zima. Hoteli yenyewe ilikuwa na paneli 96 juu ya paa la jiko na stoo, na mimi ndiye niliyezifunga mwaka mmoja nyuma. Mwenye hoteli akanipigia: "Fundi, njoo. Jua lile pale, sola zile pale, na samaki wangu wanaharibika." Nilipofika nikakuta inveta tatu ukutani, zile mashine zinazogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, kila moja imewasha taa nyekundu. Hakuna kilichoungua wala kilichokatika. Zilikuwa zinafanya kile kile zilichoundwa kufanya: umeme wa laini ukiondoka, nazo hujizima. Nikamweleza. Akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Kwa hiyo mimi nimenunua sola inayofanya kazi wakati ule tu ambao siihitaji?"

Hapo nikafanya kosa ambalo nalieleza bila kuona haya, maana ndilo lililonifundisha. Tuliwasha jenereta kuukuu la hoteli, nikaziunga sola nyuma yake. Inveta zikaona kuna umeme, zikasubiri dakika zao tano, zikaanza kusukuma. Jua lilikuwa kali na mzigo mdogo, wageni wote wapo ufukweni. Jenereta likapungukiwa na kazi, injini ikaanza kulia kwa sauti ya juu, juu zaidi, kama inataka kupaa. Mita yangu ikaonesha hertz 52, yaani mapigo 52 ya umeme kwa sekunde badala ya 50. Inveta zote tatu zikaona mapigo yamepita mpaka uliowekwa, zikaachia kwa pamoja, sekunde ile ile, kwa kuwa setingi zao zilikuwa moja. Mzigo wote ukaliangukia jenereta, sauti ikazama, taa zikafifia. Baada ya dakika tano mchezo ukaanza upya. Mara ya tatu kompresa ya chumba cha baridi ikafa. Nusu ya bei ya kompresa ile niliilipa mimi.

Waheshimiwa, yaliyonipata mimi na paneli 96 ndiyo ninayoyahofia kwa kisiwa kizima. Sina ugomvi na sola. Ndiyo inayowalisha wanangu. Ninachouliza ni kimoja: sola hizi kubwa zikishafungwa, waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka Bara hadi Fumba ukikatika itakuwaje?

Wengi wetu tunadhani waya ule unatuletea megawati tu. Unatuletea na kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye mita ya tukuza, ile ya kulipia kabla, nacho ni mapigo. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde. Mapigo hayo yanatunzwa na uzito: rota, yaani vyuma vinavyozunguka, za bwawa la Kidatu, mitambo ya gesi ya Dar es Salaam, na sasa mashine tisa za Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, kila moja ya megawati 235. Chuma chote hicho kinazunguka kwa mwendo mmoja. Hoteli moja ya Nungwi ikiwasha viyoyozi vyake vyote kwa pamoja, chuma kile hakishtuki, kama vile tembo hashtuki kukaliwa na inzi. Muda ule mdogo ambao mwendo unapungua kwa kiasi kisichoonekana ndio unaowapa mafundi na mashine zao nafasi ya kuongeza maji au gesi. Unguja inaegemea uzito huo kwa waya wa takriban kilomita 37 kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Pemba inauegemea kwa waya wake mwengine kutoka Tanga, wa kilovolti 33. Visiwa vyetu viwili havishikani kwa umeme. Kila kimoja kina uzi wake, na uzi ukikatika kila kimoja kinabaki peke yake.

Hili halikuanza leo. Waya wa kwanza wa Unguja ulianza kazi mwaka 1980 ukiwa na uwezo wa megawati 45. Mei 2008 tuliingia gizani kwa karibu mwezi mzima. Tarehe 10 Desemba 2009 tukaingia tena, tukatoka Machi 2010. Miezi mitatu. Watoto waliozaliwa mwezi ule wa kwanza walikuwa wanashika shingo umeme uliporudi. Nakumbuka foleni za maji zaidi kuliko nakumbuka giza, maana pampu za visima hazina mbadala wa umeme, na dumu la maji likawa na bei. Nakumbuka na majenereta madogo yaliyofungwa mnyororo vibarazani Mji Mkongwe, moshi umejaa vichochoroni, watu hawasikilizani. Mwaka ule ule wa 2010 Pemba ikapata waya wake, ikapumzika na majenereta ya Wesha. Mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100. Tukashukuru, na tulikuwa na haki ya kushukuru. Lakini waya mpya nao ni uzi.

Zamani uzi ulipokatika tulijua la kufanya: washa dizeli. Dizeli ni ghali na chafu, lakini ni chuma kinachozunguka. Ina uzito wake na mapigo yake. Sola haina chuma chochote kinachozunguka. Paneli hutoa umeme wa moja kwa moja, usio na mapigo, na inveta ndiyo inayoukatakata kuwa wa mapigo 50. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe, kwa hiyo naomba mniruhusu mfano wa msikitini.

Inveta nyingi zinazouzwa ni maamuma. Zinasimama safuni, zinamsikiliza imamu, akirukuu zinarukuu. Imamu ni ule uzito wa Rufiji na Kidatu. Imamu akianguka, maamuma hawa hawajui la kufanya. Wanavunja safu na kutoka nje, wote kwa wakati mmoja. Ndizo zilizokuwa kwenye ukuta wa yule mwenye hoteli. Lakini sote tunajua sheria ya safu ya kwanza. Nyuma ya imamu hasimamishwi mtu yeyote tu. Anasimama anayejua, ili imamu akipatwa na jambo, yeye apige hatua moja mbele na swala iendelee bila kukatika. Inveta za namna hiyo zipo. Zinakaa na betri, zinashika mapigo yao zenyewe, na nyingine zikazifuata. Kwa macho kabati lake halitofautiani na kabati la zile za kufuata. Tofauti ipo ndani, kwenye programu na kwenye uwezo wa kubeba mshtuko, na mnunuzi asipoitaja kwenye zabuni atauziwa maamuma, kwa kuwa maamuma ni rahisi.

Wapo waliotangulia kulipa ada ya somo hili, na sisi tunaweza kulisoma bure.

Jimbo la Australia Kusini ni kubwa kuliko sisi mara nyingi, lakini limeunganishwa na wenzake kwa njia chache mno, kama sisi. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara ya umeme. Volti zikayumba mara sita ndani ya dakika mbili. Mitambo ya upepo ilivumilia mtikisiko wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu mingi ikajipunguza kwa ghafla: megawati 456 zikapotea katika muda usiofika sekunde saba. Sababu? Ndani ya programu ya mitambo ile kulikuwa na setingi inayosema, ukitikiswa zaidi ya mara kadhaa, acha. Waendeshaji wa gridi hawakuwa wanaijua. Mzigo wote ukakimbilia kwenye njia ya kuvuka mpaka, njia ikajikata, jimbo likabaki kisiwa, na mapigo yakaporomoka kwa kasi ya takriban hertz 6 kwa kila sekunde. Hakuna mkono wa mtu wala mashine ya dizeli inayoweza kuidaka kasi hiyo. Wateja wapatao 850,000 wakazimika.

Wanasiasa wa huko waligombana miaka: wengine wakisema ni upepo, wengine ni dhoruba. Mafundi hawakuwa na muda wa ugomvi. Walizibadilisha zile setingi. Wakafunga betri ya megawati 100 pale Hornsdale mwaka 2017. Kisha wakafunga mashine nne kubwa ambazo hazichomi mafuta wala hazizalishi umeme wa kuuza. Kazi yake ni kuzunguka tu, zitoe uzito na kushikilia volti. Novemba 2022 dhoruba nyingine ikaangusha mnara karibu na Tailem Bend, jimbo likawa kisiwa tena. Safari hii lilikaa peke yake wiki nzima, taa zinawaka. Ilibidi sola za mapaani zipunguzwe mchana kwa sababu zilikuwa zinazalisha kuliko uwezo wa kisiwa kuzihimili, watu wakalalamika, lakini hakukuwa na giza lile la jimbo zima. Umeme wao ulikuwa na upepo na jua zaidi kuliko wa 2016. Kilichobadilika ni maandalizi.

Mfano wa pili ni kisiwa kweli, Kauai, huko Hawaii. Kwa ukubwa hakiifikii Unguja, watu wake ni kama 73,000, na hakina waya wowote wa kwenda kokote. Umeme wao unamilikiwa na ushirika wa wateja wenyewe. Kwa miaka kadhaa sasa zipo saa za mchana ambazo kisiwa kile kinakwenda bila kuchoma tone la mafuta. Wana vituo vya sola vyenye betri zake. Kimoja cha Lawai kina betri ya megawati 20 inayoweza kutoa nguvu hiyo kwa saa tano. Na mtambo wao wa zamani wa mafuta wa Kapaia wameuwekea klachi, ili sehemu ya jenereta iweze kuzunguka peke yake bila injini kuchoma kitu, kwa ajili ya ule uzito tu. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu kwa furaha, kwa sababu hiyo ni akili ya fundi hasa, ya kutotupa chuma kizima.

Hata hao hawakufika bila kutikiswa. Alfajiri ya tarehe 21 Novemba 2021, saa kumi na moja na nusu, jua halijatoka, mtambo wa Kapaia ulijizima ghafla ukiwa umebeba takriban asilimia 60 ya mzigo wa kisiwa kizima. Betri zikashika. Kisiwa hakikuzimika. Lakini mfumo ulianza kutetemeka, mitikisiko kati ya 18 na 20 kwa sekunde, kama gari lililolegea nati za gurudumu. Walipochunguza walikuta inveta zinavutana zenyewe kwa zenyewe, na dawa waliyoifuata ni kuongeza zile zinazoshika mapigo na kupunguza zinazofuata. Somo hili halipatikani kwenye karatasi ya muuzaji. Linapatikana kwa kupima, kurekodi na kukubali kwamba jambo lilikwenda kombo.

Na kwa wanaosema hizo ni habari za nchi tajiri, Marsabit ni Kenya. Mji ule wa kaskazini ulikuwa unakwenda kwa dizeli, nje ya gridi ya taifa, ukawekewa mashine mbili za upepo za kilowati 275 kila moja. Upepo wa Marsabit haubembelezi mtu. Mwaka 2015 ikatangazwa kuwa wanafungiwa gurudumu zito la kilowati 500, linalozunguka na kuhifadhi nguvu kwa ajili ya ile dakika ambayo upepo unakata au unazidi. Mji mdogo wa kwenye mlima uliona haja ya kununua utulivu, si kilowati peke yake.

Sasa nije kwetu.

Naomba kila mkataba wa sola kubwa utakaosainiwa uwe na ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, unaojibu: waya ukikatika saa saba mchana, kituo hiki kitafanya nini katika sekunde ya kwanza? Katika dakika ya kwanza? Na ukikatika saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa na feni na hakuna jua? Jibu likiwa ni "kitajizima kwa usalama", basi tumenunua paneli za yule mwenye hoteli, ila mara elfu. Na malipo yafuate jibu. Mwekezaji akilipwa kwa kila uniti anayozalisha tu, hana sababu ya kuacha nafasi ya akiba kwenye betri yake, wala ya kujipunguza tukimwomba. Alipwe na kwa kukaa tayari, kama mlinzi anavyolipwa mwezi mzima ingawa mwizi hajaja.

Kuhusu setingi: zisiwe siri ya kampuni. Mfungaji yeyote mkubwa azikabidhi kwa maandishi, na mtu asiweze kuzibadilisha kwa simu kutoka ng'ambo usiku wa manane bila chumba cha uendeshaji kujua. Na hizi ndogo ndogo tunazofunga sisi mapaani nazo zinahesabika. Mimi peke yangu nimefunga inveta ambazo sasa sizikumbuki idadi, na nyingi nimeziacha kama zilivyotoka kwenye boksi, na kuna mafundi wengi kama mimi. Zikiwa zote zimewekewa mpaka mmoja, zitaachia sekunde moja, kama zile tatu. Mpaka sasa sijawahi kuulizwa na mtu setingi nilizoweka. Tupeni orodha ya setingi za kufuata na mtukague. Tutalalamika kidogo, kisha tutafuata.

Lipo na suala la kukata laini. Mapigo yakishuka, vifaa vya ulinzi hukata baadhi ya laini ili kuokoa zilizobaki. Utaratibu huo ni sahihi. Lakini ulipangwa enzi ambayo laini ilikuwa inakula tu. Leo laini ya hoteli saa saba mchana inaweza kuwa inazalisha. Ukiikata ili kupunguza mzigo umepunguza na uzalishaji, na shimo linazidi kina. Orodha ya laini za kukata itazamwe upya kwa saa, mchana mbali na usiku mbali. Na spitali ya Mnazi Mmoja na pampu za visima zitengwe kwenye laini ambazo ni za mwisho kabisa kuguswa. Aliyesimama foleni ya maji mwaka 2010 hahitaji kuelezwa sababu.

Majenereta ya akiba msiyauze kwa kilo. Hata siku ambayo hayatachoma mafuta wiki nzima, bado yatahitajika mwezi wa masika, wingu likilala siku nne. Yachunguzwe kama lipo linaloweza kufanya kazi ya kuzunguka kwa uzito tu kama lile la Kapaia. Likikosekana, mashine ya kazi hiyo iingizwe kwenye bajeti. Haitapendeza kwenye picha ya uzinduzi, najua. Ni kopo la chuma linalozunguka ndani ya banda.

Tena msizipange sola zote uwanja mmoja kwa sababu ardhi yake imepatikana kwa urahisi. Nimewahi kukaa juu ya paa kule pwani nikaangalia wingu la vuli linavyotembea: lilianza kwa majirani, dakika moja na nusu likawa juu yangu, mita ikashuka kutoka kilowati 28 hadi 6 kabla sijamaliza kukunja waya niliokuwa nimeushika. Uwanja mmoja mkubwa utashuka hivyo hivyo. Vikiwa vituo vitano, kimoja kaskazini, kimoja kusini, vingine kati, wingu haliwezi kuvifunika vyote kwa pamoja, na betri itapumua.

Nasikia hoja kwamba hayo yote ya nini, tuongezewe waya wa pili mkubwa zaidi, basi. Waya wa pili naunga mkono, na ukija nitafurahi. Lakini nyaya zote mbili zinanywa kisima kimoja. Gridi ya Taifa ya Bara ilianguka tarehe 1 Aprili 2024. Siku kama hiyo hata uwe na nyaya nne baharini, zote zinakuwa kamba za kuanikia nguo. Na hoja ya gharama nayo naielewa, betri inayoshika mapigo inazidi bei ya ile inayofuata. Ila linganisheni na miezi mitatu ya 2009 na 2010: mafuta ya majenereta, biashara zilizofungwa, maji ya kununua kwa dumu. Zanzibar sasa ni watu takriban milioni 1.9 kwa sensa ya 2022. Miezi mitatu ya leo haitakuwa miezi mitatu ya wakati ule.

Vijana wa kuyafanya haya tunao. Taasisi ya Karume pale Mbweni inatoa mafundi kila mwaka, na nimefanya kazi na baadhi yao. Wanajua kompyuta kuliko mimi nitakavyojua maisha yangu yote. Wasomeshwe kazi hii ya inveta za kushika mapigo kabla mitambo haijafika, wawepo siku inapofungwa, si kuitwa baadaye kushika ngazi. Mgeni akimaliza mkataba ataondoka na kompyuta yake ya mkononi, na neno la siri analo yeye.

La mwisho ni ombi ambalo huenda likawachekesha. Vituo vikishajengwa na betri zikishawekwa, msingoje waya ukatike wenyewe. Ukateni nyinyi. Chagueni alfajiri moja ya Jumapili, mzigo ukiwa mdogo, mtangaze redioni wiki mbili kabla, spitali zijiandae, kisha fungueni swichi ya Fumba kwa makusudi muone kama Unguja itasimama kwa dakika kumi. Kisha mfanye hivyo hivyo Pemba, kwa waya wa Tanga. Ikizimika, mjaribu na kuiwasha kutoka giza tupu, betri kwanza, kisha laini moja, kisha nyingine, mhesabu saa. Na yatakayoonekana yaandikwe na kutangazwa, hata yakiwa ya aibu, kama mimi nilivyoitaja kompresa yangu hapa. Ikianguka alfajiri hiyo, wananchi tutawasamehe kabla ya chai.

Yule mwenye hoteli alinisamehe pia. Mwaka uliofuata aliniita, tukaondoa inveta moja kati ya zile tatu, tukaweka ya kushika mapigo yenye betri yake. Mbili zilizobaki zinaifuata. Umeme wa laini ukiondoka sasa, feni za chumba cha kulia chakula zinazunguka vile vile, na jikoni hawajui mpaka mtu achungulie nje aone taa za jirani zimezimika.

Siku ya jaribio nitakuwa Fumba kabla ya adhana ya alfajiri, na mita yangu ya hertz mfukoni. Tochi nitakuja nayo mwenyewe.

Wenu katika kazi,
Fundi umeme, pwani ya mashariki, Unguja